Madalali, acheni kuwauzia watu mashamba ya Ufaransa kwa neno "linafaa kuendelezwa"!

Wakuu, hili limenichosha na nalisema kwa hasira. Matangazo ni yale yale: nyumba ya mawe huko Creuse au Dordogne, ghala kubwa pembeni, hekta tatu za malisho, bei isiyofikia ya chumba kimoja Paris. Chini dalali kaandika: "ghala linafaa kugeuzwa makazi, ardhi ina fursa." Linafaa kwa ruhusa ya nani?

Mpango wa matumizi ya ardhi wa kule, PLU, unagawa maeneo kwa herufi. U ni palipojengwa, AU patajengwa baadaye, A ni kilimo, N ni maeneo ya asili yanayolindwa. Mashamba ya kale mengi yako A au N. Humo ghala haligeuki nyumba kwa sababu tu kuta zimesimama. Kwa kawaida lazima liwe limetajwa ndani ya PLU, jengo kwa jengo, kuwa linaruhusiwa kubadili matumizi. Na hata likitajwa, ombi la kibali linapelekwa kwenye kamati ya mkoa: CDPENAF kwa eneo A, CDNPS kwa eneo N. Kauli yao inamfunga meya. Wakisema hapana, meya hata akitaka kukusaidia hawezi.

Halafu kuna huu uongo wa "subiri kidogo, ardhi itapimwa viwanja." Sheria ya mwaka 2021 ya hali ya hewa inataka ardhi inayomezwa na ujenzi mwaka 2021 hadi 2031 ipungue kwa nusu ya ile ya miaka kumi iliyotangulia, na kufikia 2050 isiwepo nyongeza ya jumla, yaani ikijengwa huku, nyingine irudishiwe uasili kule. Meya wanapunguza maeneo ya kujenga. Anayekuuzia malisho kwa matumaini ya viwanja anakuibia mchana kweupe.

Dai karatasi inayoitwa certificat d'urbanisme, na hapa ndipo wengi wanapigwa. Ziko aina mbili. Aina "a" inaorodhesha kanuni na kodi za eneo, basi. Dalali anakupungia hiyo, unadhani ni kibali. Unayoitaka ni aina "b", inayojibu swali lenyewe: mradi huu, kwenye ardhi hii, unawezekana au hauwezekani? Ombi halilipiwi, majibu ni ndani ya miezi miwili, na inadumu miezi 18. Usiusaini mkataba wa awali (compromis) bila kumwambia notaire (mwanasheria anayeandika hati za mauzo) aandike sharti kwamba "b" ikikataa, au kibali cha ujenzi kikikataliwa, mauzo yanavunjika na arbuni inarudi yote. Arbuni ni kawaida asilimia 5 hadi 10 ya bei. Zile siku 10 za kughairi mnazosifiwa ni za mnunuzi binafsi wa nyumba ya kuishi. Ardhi tupu kama malisho haina siku hizo.

Na notaire usimwachie kila kitu. Kazi yake ni hati na kodi. Haji kupiga kuta kuangalia kama zimeoza.

Kingine kinachofichwa: ng'ombe wa nani wale kwenye picha? Kama jirani analisha pale na analipa chochote, huenda ana mkataba wa kilimo, na kule mkataba wa mdomo unatambulika: miaka 9, na unajirudia. Akiwa amefanya kazi ya ukulima angalau miaka mitatu, na ardhi hiyo anaitumia mwenyewe au familia yake, anaweza pia kuwa na haki ya kununua kabla yako. Taka barua iliyosainiwa na mkulima mwenyewe kwamba ameachia. Neno la muuzaji "anakata nyasi tu" halitoshi. Juu ya hapo ipo SAFER, taasisi ya ardhi ya kilimo: inapewa taarifa ya mauzo, ina miezi miwili, na inaweza kuchukua nafasi yako, hata kutaka bei ipunguzwe.

Sasa jengo. Kuta za kale ni mawe, sentimeta 50 hadi 60, zimeshikwa kwa udongo au chokaa, na zinapumua. Mtu kaja kazipiga lipu ya saruji ili zipendeze kwenye picha. Maji yanayopanda kutoka chini yanakosa pa kutokea, yanatafuta ndani, lipu inabanduka, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza pasipoonekana. Chukua bisibisi uchome ncha hizo. Ikizama, kenchi nzima ya paa ina mashaka. Dawa ni kuondoa saruji yote, kuacha ukuta ukauke kwa miezi, ndipo upige chokaa. Ukifunika unyevu kwa vizuia baridi umeuzidisha. Mabati ya simenti kwenye ghala yakague kama yana asbesto, maana kampuni ya kuyashusha lazima iwe na cheti. Maji taka: ripoti ya SPANC (ofisi ya umma inayokagua mifumo ya maji taka ya nyumba zisizo kwenye bomba la umma) isizidi miaka mitatu, na mfumo ukiwa mbovu mnunuzi ana mwaka mmoja kuurekebisha, kwa pesa yake. Na jumla ya makazi ikizidi mita za mraba 150, msanifu majengo ni lazima. Ghala moja tu linakuvusha hapo.

Madalali wanaoweka matangazo haya, andikeni namba ya ardhi kwenye kadastra (daftari la ramani za viwanja). Mnunuzi anaiingiza kwenye tovuti ya Géoportail de l'urbanisme bila malipo, na kama mpango wa kijiji umepakiwa anaiona herufi ya eneo palepale. Anayekataa kuitoa, msimtumie hata senti ya kushikilia.