Switi, pipi, peremende: mtoto amekosea nini?

Mama Wawili: Binti yangu yuko Gredi ya Nne, tuko Nairobi. Kwenye insha kaandika "mjomba alininunulia switi". Mwalimu kalizungushia kalamu nyekundu, juu yake akaandika "peremende", akakata alama. Mtoto akaniuliza peremende ni kitu gani. Neno linalotumiwa na kila mtoto mtaani linakuwaje kosa?

Kijiko cha Dar: Ni kosa. Switi ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Huku tunasema pipi, yamekwisha.

Mpwani Asili: Na hiyo peremende si pepaminti ya Mwingereza? Imekaa siku nyingi tu hadi ikapata uraia.

Kijiko cha Dar: Angalau inatamkika. Tatizo la Wakenya wa bara, hata ukiwapa neno sahihi wataliharibu. Mtu anakwambia "naenda kura", hujui anaenda mezani au kituo cha uchaguzi.

Mtu wa Mlimani: Nilijua tu tutafika hapa. Gikuyu haina l, ulimi wangu umeikuta ukubwani, na Kiswahili nilipata A. Nyinyi Dar th mmeipeleka wapi? "Samani ya nyumba hii milioni ngapi?" Sasa unauza nyumba au makochi?

Kijiko cha Dar: Mimi natamka th vizuri kabisa. Usinijumlishe.

Mtu wa Mlimani: Wiki jana uliandika "zambi". Nimehifadhi.

Kijiko cha Dar: Ilikuwa simu.

Mpwani Asili: Mnagombania shamba lisilo lenu. Mombasa tulikuwa na mato nyinyi hamjajua kama mna macho. Mtele, nti, mtanga, washairi wetu walitunga kwa maneno hayo. Wakaja wazungu 1930 wakachagua cha Unguja, leo mwanangu akiandika "mtele" anakatwa alama kwao alikozaliwa. Huyo mtoto wa switi ana nafuu.

Karafuu Kavu: Uamuzi ni wa 1928. Hiyo 1930 ndiyo ilipoanza Kamati ya Lugha. Na mkutano wenyewe ulikuwa Mombasa, kwa hiyo mlifungwa nyumbani.

Mpwani Asili: Mechi gani hiyo, refa Mwingereza? Lugha mmechukua, mahamri hamuyawezi.

Karafuu Kavu: Mahamri ni maandazi yaliyotiwa tui na iliki, yakaanza kujiona.

Mpwani Asili: Ondoa hilo neno maandazi hapa. Hamri, hamira, husikii ukoo?

Wa Amu: Sisi tunasema moya, mayi, yambo. Hakuna anayetugombania.

Kijiko cha Dar: Tukubaliane basi kwenye kalimati, hizo kila mtu anazila futari.

Mpwani Asili: Kaimati! Hiyo l umeiokota wapi?

Mtu wa Mlimani: Subiri. Leo wa Dar ndiye anayechomeka l isipotakiwa? Nirudie ule utani wa uchaguzi?

Karafuu Kavu: Kwa Kiarabu ni lukaimati, yaani vitonge vidogo. L ipo, ila mwanzoni. Mmoja kaihamisha, mwingine kaitupa.

Mpwani Asili: Hatukuitupa. Tumeila.

Mama Wawili: Jamani, mimi niliuliza habari za alama mbili za mtoto.

Kijiko cha Dar: Aandike pipi, dada. Nchi mbili zitamwelewa.

Mtu wa Mlimani: Aandike switi na akate rufaa. Peremende sijawahi kuisikia dukani, naiona vitabuni tu.

Mama Wawili: Mwalimu kanijibu sasa hivi. Anasema: "Sawa mzazi, nitamlekebishia."

Mtu wa Mlimani: Kijiko, usithubutu.

Kijiko cha Dar: Mbona sijasema kitu.