Mama anatumia tamoxifen, uji wa soya aendelee au aache?

Kifungua_mimba: Habari wadau, naomba ushauri kwa wenye uelewa. Mama yangu alitolewa titi mwaka jana, mionzi kamaliza, sasa yuko kwenye vidonge vya tamoxifen, dawa ya kuzuia homoni ya kike isikuze kansa. Asubuhi anakunywa uji wa lishe, unga tunasagisha wenyewe mahindi, ulezi, karanga na soya. Juzi mama mdogo kaja kumjulia hali akasema soya ina homoni za kike inalisha kansa, toka hapo uji hataki hata kuuona na mwili ndo huo unazidi kupungua. Halafu kuna jamaa anatuuzia kopo la vidonge vya soya eti vinamaliza kansa. Tumsikilize nani?

Mzee_wa_Maabara: Pole kwa kuuguza. Mama mdogo hajatunga. Soya ina isoflavoni, kemikali za asili za mmea, mojawapo jenisteini, umbo lake linafanana na estrojeni, ile homoni ya kike, mpaka inanasa kwenye vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli zinazoipokea, ila nguvu yake ndogo sana. Hofu ilianzia kwa panya, walipandikizwa seli za kansa ya titi ya binadamu wakalishwa jenisteini, uvimbe ukakua na tamoxifen ikapungua makali. Ila ile ilikuwa jenisteini tupu sio uji, na mwili wa panya unaichakata tofauti na wetu. Kwa binadamu, watafiti wa Shanghai, China, walifuatilia wanawake zaidi ya 5,000 wenye saratani ya titi, majibu yakatoka 2009, waliokula soya nyingi vifo vilikuwa vichache na kansa kurudi ilikuwa kidogo, hata kwa wanaotumia tamoxifen.

dada_K: Mkuu taratibu, wale wamekula tofu toka utotoni na huenda mlo wao wote ni mzuri, hiyo haimaanishi soya ndo iliyowasaidia. Hata kwenye kansa nyingine, Marekani wanaume 177 waliotolewa tezi dume kwa sababu ya kansa waligawanywa, wengine wakapewa protini ya soya mpaka miaka 2 wengine ya maziwa, matokeo 2013 kansa ilirudi karibu sawa tu.

Mzee_wa_Maabara: Kweli kabisa, ndo maana nasema chakula sio dawa. Uji anywe. Hilo kopo rudisheni, vidonge vina isoflavoni iliyokolezwa na mama yuko kwenye dawa ya homoni, asimeze chochote kabla daktari wake hajakiona.

Nyanya_wa_mtandao: Na soya mnaikaanga au kuichemsha kabla ya kusaga? Mbichi inasumbua tumbo jamani.

Kifungua_mimba: Tunachemsha bibi, maganda tunatoa, tunaanika ndo tunapeleka mashine. Asanteni wote, kliniki ni wiki ijayo naenda na kopo lenyewe. Mama mdogo nimemsomea, kasema hao wa Shanghai waje wamwambie wenyewe.