NAO na mtoto mwenye usonji: roboti anaifuata, mimi haniangalii

Mwl_ElimuMaalumu: Wadau, mtoto ana miaka 6, maneno machache. NAO (roboti ndogo yenye umbo la mtu) mara 3 kwa wiki, dakika 20, sentensi za Kiswahili tumezirekodi. Roboti ikisema "tazama mpira," anatazama. Nikisema mimi, hageuki. Niongeze muda?

TibaYaUsemi: Muda uache, badili mkao. Kaeni pembetatu, mtoto akuone wewe na roboti bila kugeuza kiwiliwili. Kisha kila anachokipenda kipitie kwako. Roboti ipige ngoma sekunde 5, inyamaze, ikugeukie: "Mwalimu, zamu yako." Upige, umpe mtoto fimbo ya ngoma mkononi. Hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kumsaidia. Wengi huvunja kimya kwenye 3. Akizoea, zamu uzitoe wewe, roboti ibaki mtazamaji, mwishowe iondoke mezani.

Watafiti wa Yale, 2018, waliweka roboti nyumbani kwa watoto 12, dakika 30 kila siku kwa mwezi, mzazi akishiriki. Watoto wakawa wepesi zaidi kutazama kitu pamoja na mtu mzima hata roboti isipokuwepo. Siku 30 baada ya kuiondoa, sehemu ya maendeleo hayo ilikuwa imerudi nyuma. Kwa hiyo mazoezi na watu yaendelee.

FundiMota: Macho ya NAO hayazunguki, ni taa tu. Ili "itazame" lazima igeuze kichwa kizima, na mota inalia. Huenda mtoto anafuata ule mlio! Weka picha kushoto na kulia, igeuze kichwa bila neno. Kisha geuza chako, kimya vilevile. Akifuata kichwa cha roboti lakini si chako, anza na kichwa, kidole na jina la kitu kwa pamoja. Ondoa jina kwanza, kidole baadaye. (KASPAR, roboti ya Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, macho yake yanazunguka, kwa zoezi hili inafaa zaidi.)

Halafu ikalishe. Ikisimama muda mrefu magoti yanapata moto, miguu inalegea, inaanguka. Ikianguka mbele yake, mtoto anaweza kuigomea kabisa.

Mwl_ElimuMaalumu: Laptop ya kuiendesha roboti naishika mimi. Nikiwa kwenye pembetatu nani atabonyeza?

TibaYaUsemi: Kibodi ndogo ya namba isiyo na waya, chini ya meza. Vitufe 4: salamu, zamu yako, hongera, sitisha. Kutambua sauti kuzime. Matamshi ya mtoto ikiyakosea itajibu ovyo, naye ataacha kujaribu. "Sitisha" kibandike stika, ukipate kwa kupapasa.