Akaunti ya kununua: tumshauri hivyo anayeanza kuandika mtandaoni?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Kijana akiuliza aanzie wapi kulipwa kwa kuandika makala mtandaoni, siku hizi anajibiwa haraka: tafuta kwenye mitandao ya kazi akaunti ya mtu iliyokomaa, yaani yenye sifa tayari, inunue, anza kupiga kazi. Asiye na mtaji anaambiwa akodi, mwenye akaunti akate fungu lake kila malipo yakiingia. Mimi napinga. Huo ni ushauri mbaya, na mara nyingi anayeutoa ndiye muuzaji au dalali wake.

Tazameni kinachouzwa. Akaunti ya Upwork, mtandao ambako wateja hutafuta waandishi na kuwalipa, ina jina la mtu, kitambulisho chake, sifa alizopewa na wateja wake na njia yake ya kutolea pesa. Kanuni zao zinakataza kuiuza au kumpa mwingine aitumie, na wanaweza kukutaka uthibitishe kwa kitambulisho na uso wako kwamba wewe ndiye mwenyewe. Hapo mnunuzi amekwisha. Akaunti inafungwa, pesa iliyomo inakwama, na hana pa kulalamika kwa sababu kwenye kumbukumbu zao hajawahi kuwapo. Hata isipofungwa, mwenye jina anaweza kuirudisha mikononi mwake wakati wowote kwa namba yake ya simu. Jirani yangu alichukua mkopo wa kikundi akanunua akaunti. Malipo ya kwanza yalipoingia, nywila ikabadilishwa na simu ya muuzaji haikupokelewa tena. Marejesho ya mkopo bado anayalipa.

Najua kwa nini ushauri huu una wafuasi. Akaunti mpya haina sifa, na mteja anaogopa asiye na sifa. Upwork kuomba kazi kunahitaji Connects, yaani vocha za kuombea kazi. Unapewa chache za bure, zikiisha unanunua kwa senti 15 za dola kila moja, na tangazo moja linaweza kula kumi au zaidi. Kijana anaomba, haitwi, salio linakwisha. Kwetu Tanzania kulikuwa na sababu nyingine: PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, kwa miaka mingi imeturuhusu kutuma pesa bila kupokea, ndiyo maana wengi walikimbilia akaunti za Wakenya. Lakini Upwork na mwenzake Fiverr zinalipa pia kupitia Payoneer, huduma nyingine ya malipo, na pesa inafika benki ya hapa hapa. Sababu hiyo tuiache.

Mchangiaji, Nairobi:
Ndugu, umeongea kama mtu ambaye hajui soko lenyewe liko wapi. Huku kwetu akaunti zinazouzwa kwa wingi si za Upwork. Ni za kampuni za insha, zinazowaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo kwa malipo, ukurasa mmoja maneno 275. Kampuni nyingi hazipokei waandishi wapya, kwa hivyo mlango uliobaki ni akaunti ya mtu. Mwenye akaunti analipwa kwa dola, anakugawia kwa shilingi, na hakuna aliyekulazimisha. Nimeona watu wamesomesha wadogo zao kwa hiyo kazi. Usimwambie kijana mwenye deni la kodi ya nyumba akae mwaka mzima akijenga jina.

Mwanzisha mada:
Nakushukuru kwa kusema wazi, maana wengi husema "content writing", yaani uandishi wa makala, wakimaanisha insha hizo, na anayeanza hajui anaingizwa wapi. Australia ilitunga sheria dhidi ya biashara hiyo mwaka 2020, na England ikaifanya kosa la jinai kwa sheria ya 2022. Mwishoni mwa mwaka huo huo ikaja ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika yenyewe, na mwanafunzi aliyekuwa akilipa akaanza kuandikiwa bure. Sasa nijibu wewe uliyeko sokoni: akaunti inayoingiza dola kila wiki, mtu anaiuza kwa nini? Kijana mwenye deni la kodi ndiye hasa hapaswi kutoa akiba yake kumnunulia muuzaji njia ya kutoka kwenye biashara inayokufa.

Na liko hili linaloniuma zaidi. Aliyeandika miaka mitatu chini ya jina la mtu, akiulizwa kazi zake ziko wapi, hana hata moja ya kuonyesha.

Mchangiaji, Morogoro:
Kaka, mimi ni mwalimu na wanafunzi wangu waliomaliza kidato cha sita wananiuliza kila siku. Kukataza ni rahisi. Waanze na nini?

Mwanzisha mada:
Mwalimu, waanze na makala tatu zilizoandikwa vizuri kuhusu jambo wanalolijua kweli, kilimo cha mpunga kwa mfano, kwa kuwa wako Morogoro. Hizo ndizo sifa zao kabla ya sifa za wateja. Kisha wafungue akaunti kwa majina yao na wajue hesabu mapema: Fiverr inakata asilimia 20, kwa hiyo kazi ya dola 5 inabaki 4, na mwandishi mpya husubiri siku 14 tangu kazi ikamilike ndipo pesa itoke. Wakati huo wabishe hodi kwenye nyumba za wageni, kampuni za utalii na maduka ya pembejeo yenye kurasa zilizojaa makosa ya Kiingereza na Kiswahili. Malipo ni madogo, lakini mteja wanamwona kwa macho, na kazi inabaki na majina yao. Wanaojua lugha zote mbili wajaribu tafsiri pia. Sisemi watapata mshahara mwezi wa kwanza, wengi hawatapata.

Mchangiaji, Nairobi:
Kununua nakubali ni hatari. Lakini kukodi kwa makubaliano ya maandishi, mgawo unajulikana, kila mtu ameweka sahihi? Hiyo pia unaikataa?

Mwanzisha mada:
Naikataa. Mkataba wa kutumia kitu ambacho mwenye mtandao amekataza kisikodishwe, siku akaunti ikifungwa utamdai nani, na kwa lipi? Mwenye akaunti naye atasema amepata hasara kama wewe. Ila kama yupo hapa aliyekodi muda mrefu, aje atuwekee mgawo halisi: katika kila dola 10 zilizoingia, yeye aliyeandika alipata ngapi?