Programu ya hesabu imeweka kufuli katikati ya somo: nilipe au niifute?

Mama wa Pasua:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Binti yangu yuko Darasa la Pili hapa Moshi, na mwezi uliopita nilimpakulia kwenye simu yangu programu ya hesabu iliyojitangaza kuwa ni ya bure. Masomo ya kujumlisha yalifunguka yote, naye akawa akirudi shuleni anaulizia simu kabla hajaulizia chakula. Alipofika kwenye kutoa kwa kukopa, baada ya maswali matatu tu, kikatokea kufuli, katuni ya sungura anayelia, na ombi la kulipia kila mwezi. Fedha yenyewe si ndogo kwa mtu anayeuza ndizi Mbuyuni, lakini kilichoniumiza zaidi ni maneno ya mtoto: "Mama, nimekosea, ndiyo maana wamenifungia." Tangu siku hiyo hataki kutoa hata kwenye daftari. Je, nilipe ili aendelee, au niifute?

Mangi wa Rau:
Dada, kama uliwahi kuweka kadi kwa ajili ya siku za majaribio, fahamu kwamba kuifuta programu hakusitishi malipo. Ingia Play Store, gusa picha ya akaunti yako, fungua sehemu ya malipo na usajili, usitishe hapo, kisha uweke sharti la nenosiri kwa kila ununuzi. Mimi nilifuta nikadhani nimemaliza, kumbe niliendelea kukatwa miezi miwili. Hata Marekani wamelia: mwaka 2020 kampuni inayoendesha ABCmouse, programu ya masomo ya watoto, ilikubali kulipa dola milioni 10, baada ya tume ya biashara ya huko kuituhumu, pamoja na mengine, kwamba iliwawekea wazazi vikwazo walipotaka kujitoa.

Binti Majengo:
Tusisahau kwamba waliotengeneza nao wanakula. Kosa lao ni kuficha bei mpaka mtoto anogewe. Siku nyingine, kabla ya kupakua, tazama kama pameandikwa "ununuzi wa ndani ya programu".

Mwalimu Mstaafu:
Mwanangu, usilipe kwanza. Mweleze mtoto kwamba kufuli lile ni la duka, halihusiani na majibu yake, na umwambie mara zaidi ya moja, kwa sababu mtoto wa umri huo huamini kwamba kila kinachofungwa mbele yake ni adhabu. Kisha funga vijiti kumi kumi kwa uzi, umpe mafungu matatu na vijiti viwili, umwambie atoe kumi na saba. Atalazimika kufungua fungu moja, na huko ndiko kukopa kwenyewe. Skrini humwonyesha tarakimu zikihama tu. Ukihitaji programu, Khan Academy Kids ni ya bure na haina matangazo, ila ni ya Kiingereza. Kwa Kiswahili, tafuta onecourse, programu ya shirika la onebillion, ambayo mwaka 2019 ilishinda pamoja na programu nyingine, Kitkit School, tuzo ya Global Learning XPRIZE, ya programu za watoto kujifunzia wenyewe, baada ya kujaribiwa na watoto wa vijijini Tanga. Vitabu vya kiada navyo husomwa bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Mama wa Pasua:
Shikamoo Mwalimu, nawashukuru nyote. Nimekagua, sikuwa nimeweka kadi. Vijiti sikuvipata, tukatumia njiti za kiberiti, na jana usiku fungu la kwanza alilifungua mwenyewe kabla sijamwambia. Programu nitaifuta leo akishalala, maana bado anamwonea huruma yule sungura.