Amekata soda yangu kwa kalamu nyekundu huku yeye anakunywa soda!

Wakuu, nimetoka kwenye warsha ya uandishi sasa hivi na mikono bado inatetemeka, kwa hiyo asije mtu kunisahihisha tahajia. Mods, msiuunganishe huu uzi na mwingine wowote.

Mnamjua, sihitaji kumtaja. Yule yule anayeonekana kwenye kila warsha ya uandishi hapa mjini, ambaye salamu tu anatoa robo saa na ndani yake ameshasema "kazi bunifu" mara mia tisa.

Nimempelekea hadithi yangu. Ina ukurasa mmoja, MMOJA, wa soda ya sikukuu. Mtoto kapewa orenji yake peke yake, chupa nzima, haijapita kwa kaka. Haifungui. Anachukua msumari na jiwe, anatoboa kizibo katikati, anaiinamisha chupa na kunyonya kwenye kile kitundu. Wenzake waliokunywa kwa pupa wamemzunguka wanameza mate. Mliokulia nyumba ambazo soda ilikuwa ya Krismasi, Idi na mgonjwa mnaelewa. Ile gesi inavyopanda puani, ile ladha ya kutu ya msumari ulimini. Mimi kuandika nimejifunzia pale, kwenye kutoa kidogo kidogo mpaka msomaji aombe.

Jamaa kaupiga mstari mwekundu ukurasa mzima, mbele za watu. "Hii ni hadithi au tangazo? Soda si fasihi." Na wakati anasema hivyo, wakuu, mkononi ana soda! Ya bure, ya waandaaji! Akapiga funda, AKABEUA, halafu akaitua ile chupa inayotiririka maji juu ya karatasi zangu. Juu ya ukurasa ule ule! Duara la maji likafuta sentensi yote ya msumari.

Chupa. Juu ya karatasi zangu.

Eti nimwandike mtoto anayekunywa maji ya kisimani, ndiyo "uhalisia wetu". Kisima gani? Mimi wa Temeke, kwetu nyuma ya mlango kulikaa kreti. Dafu naliheshimu, ukwaju nauheshimu, lakini utoto wangu ulijaa vizibo. Tumechezea drafti, 12 vimelala kifudifudi, 12 chali. Tumevifanya matairi ya magari ya maboksi. Mpaka leo nikikishika kizibo naweza kukuhesabia meno yake 21 kwa kidole, gizani. Kola imeanzia Atlanta mwaka 1886, Fanta imezaliwa Ujerumani katikati ya Vita ya Pili ya Dunia, vyote vimesafiri mpaka vikaja kutobolewa kwa msumari uani kwetu, halafu mtu ananiambia hapo hakuna hadithi!

Na alibeua, wakuu. Alibeua kwanza ndipo akaitua chupa.

Naomba kuwasilisha.

Kizibo cha Zamani: Pole sana mkuu. Huyo huyo alilikata shairi langu la daladala, eti halina mizani. Kuhesabu mpaka nane kunamshinda.

Mzee wa Kreti: Uzi wote huu na hujasema alikuwa anakunywa soda gani.

Mleta uzi: Unauliza soda gani wakati mtu katua chupa juu ya karatasi zangu???

Mzee wa Kreti: Kwa hiyo hujui.

Dada Vitumbua: Bila picha ya hiyo karatasi uzi haujakamilika. Halafu msumari unakipinda kizibo. Sisi Tanga tulitumia spoku ya baiskeli.

Pita Mbele: Spoku haitoboi kizibo, acha uongo.

Dada Vitumbua: Inoe kwanza kwenye sakafu ya saruji. Nyie mlilelewa na mirija mtajulia wapi.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. ALIBEUA.

Mwana Likoni: Huku Mombasa tulikuwa tunachovya mkate ndani ya soda. Mwandishi ameacha mkate, hapo hata mimi ningekata.

Pita Mbele: Mkate kwenye soda? Mods, futeni hii.

Kizibo cha Zamani: Ya Stoney yenyewe je, nani aliwahi kuinyonya kwa kitundu? Tangawizi ilikuwa inakupanda mpaka machozi.

Mzee wa Kreti: Hayo yote madogo. Mangi mwenye duka mtaani kwetu kaniambia niache hela ya chupa, nikaacha. Nairudisha chupa kesho yake, anasema hii si ya kwake, ya kwake ilikuwa na mkwaruzo shingoni!

Dada Vitumbua: Wa kwetu ukirudisha chupa hakupi hela, anakupa pipi.

Pita Mbele: Bora pipi. Mimi kanipa kiberiti, na nusu ya njiti hazina vichwa.

Mzee wa Kreti: Mkwaruzo, jamani! Kreti zima lina mikwaruzo. Kesho asubuhi naenda na mjumbe.