Mjadala: Mayotte ni ya Komoro, ya Ufaransa, au ya Wamaore wenyewe?

Wadau, salaam. Mayotte, au Maore kwa wenyeji, ni kimoja cha visiwa vinne vya funguvisiwa la Komoro, nacho kiko chini ya Ufaransa. Kila habari yake inapotoka, iwe kwasa-kwasa, boti ndogo ya wavukaji, imezama au kimbunga Chido cha Desemba 2024, ubishi unakuwa ule ule. Huyu anasema kisiwa ni cha Komoro na Wafaransa wamekipora. Yule anajibu kwamba wenyewe walipiga kura, waacheni. Mimi naona kila upande unaianza historia pale panapoufaa.

Tuanze kabla ya Mfaransa. Kule Dembeni, mashariki ya kisiwa, watu walikuwa wakiyeyusha chuma na kufanya biashara ya ng'ambo tangu karne ya 9. Ardhini pamefukuliwa vigae vya vyombo vya Uajemi na China, pamoja na vipande vya fuwele iliyoletwa kutoka Madagaska. Tsingoni kuna msikiti wenye mihrabu ya matumbawe iliyochongwa mwaka 1538, na mpaka leo unasaliwa. Wenyeji wengi husema Kimaore, ndugu wa Kiswahili chetu. Vijiji vingine husema Kibushi, chenye asili ya Kimalagasi. Kwa hiyo hapakuwa pahala pasipo na mwenyewe.

Watetezi wa Ufaransa hupenda kusema Mayotte ilikuwa ya Ufaransa kabla hata ya Nice, mji wa kusini mwa Ufaransa uliochukuliwa 1860. Tarehe ni kweli. Lakini nani aliuza? Tarehe 25 Aprili 1841 Andriantsoly, mfalme wa Kisakalava aliyekimbia vita Madagaska na kuja kujitwalia madaraka Maore, alitia saini mkataba wa kuwapa Wafaransa kisiwa na nahodha wao Passot. Alipata posho ya kila mwaka na ahadi ya wanawe wawili kusomeshwa Réunion, kisiwa kingine cha Ufaransa. Mkulima wa Tsingoni hakuulizwa neno. Baadaye yakaja mashamba ya miwa, na mwaka 1856 watu waliasi. Hati ile kwangu haina uzito wowote.

Sasa ndugu zangu wa upande wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, nanyi msikie. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa kwa jumla vilitaka uhuru kwa karibu asilimia 95, lakini Maore karibu thuluthi mbili walikataa. Hawakurogwa. Makao makuu yalikuwa yamehamishwa kutoka Dzaoudzi, huko huko Maore, kwenda Moroni, na kazi na riziki zikaondoka nayo. Walioinuka kwanza ni wanawake, akina Zéna M'Déré. Walikuwa wakiwazingira viongozi waliotumwa kutoka Moroni na kuwatekenya mpaka wanakimbia! Silaha yao ilikuwa vidole. Kuwaita vibaraka ni kuwadhulumu.

Hata hivyo Ufaransa ilikitumia kilio chao. Ilihesabu kura kisiwa kwa kisiwa, ikamega kimoja na kuviacha vitatu, na Februari 1976 ikatumia kura ya turufu katika Baraza la Usalama kujikinga. Oktoba mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likasema kura za Mayotte peke yake ni batili. Ufaransa haikujali, na mwaka 2011 ikakifanya kisiwa kuwa mkoa wake kamili.

Lakini dhuluma inayoniuma zaidi ni viza ambayo Ufaransa iliwawekea Wakomoro mwaka 1995 ili waingie Maore. Kabla yake mtu wa Nzwani, kisiwa jirani cha Komoro, alivuka kilomita 70 hivi kwenda kuoa, kuzika au kumuona dada yake, kisha akarudi. Tangu hapo anavuka usiku kwa boti iliyojaa kupita kiasi, na waliozama ni wengi mno. Kwangu viza hiyo ifutwe kwanza. Habari ya bendera ingoje.

Mnaotaka Maore irudi Komoro: mtawapa nini wanawake wale ambacho Moroni iliwanyima? Na mnaoitetea Ufaransa: mtu wa Nzwani anakuwaje mhamiaji haramu kwenye kisiwa alikozikwa babu yake? Karibuni.